Gari la Elifuraha Lisilo na Klachi

Zamani dereva wa Old Moshi alishuka mteremko kwa gia ileile aliyopandia, na abiria wake wakasinzia. Siku hizi dereva anashuka mguu mmoja ukiwa kazini na mwingine umelala, na abiria hawathubutu kufumba macho.

Elifuraha alikuwa dereva wa namna ile ya kwanza. Tulianza pamoja, mimi na yeye, tukiwa matingo wa malori ya kahawa, kisha tukakabidhiwa usukani. Watu walipong'oa mibuni na malori yakaisha, alirudi kwenye kihamba cha baba yake, shamba la ukoo penye migomba, ng'ombe wawili bandani, na mkewe Tabitha. Walizaa watoto wanne, na wote wako Dar. Kijiji chetu sasa ni nyumba nzuri zilizofungwa kwa kufuli, zinazofunguliwa Krismasi na kufungwa tena kabla pilau halijapoa. Mifereji waliyochimba babu zetu imekauka, maana hakuna wa kwenda kuizibua. Basi Tabitha alipougua, hakukuwa na mtu wa kumbeba.

Yalikuwa mafigo. Ilimlazimu kushuka hospitali mjini kila Jumatatu na Alhamisi kusafishwa damu. Daktari aliwaambia waziwazi kwamba akikosa siku moja atavimba, na akikosa mbili wasimlaumu mtu. Mwanzoni alishuka kwa bodaboda, amefungwa kwa kanga mgongoni mwa dereva. Siku moja alizimia njiani, wakaanguka wote wawili. Tangu siku hiyo hakuna kijana wa pikipiki aliyekubali kumpakia.

Ikabidi gari linunuliwe. Mimi nilisema gia za mkono, na nilisema kwa sauti. Kule Majengo palikuwa na pikapu kuukuu ya manyuo, imara, tukaenda kuijaribu. Lakini Elifuraha alikuwa ameanguka kutoka mtini miaka mitatu nyuma akikata matawi ya kuni, na goti lake la kushoto halikupona sawasawa. Alikanyaga klachi mara ya kwanza, ya pili, na ya tatu mguu ukaanza kutetemeka mpaka gari likazima katikati ya barabara.

Dalali akacheka. "Mzee wangu, huu mguu umeshastaafu. Wewe unaulazimisha kazi ya nini?"

Binti yao Goodness naye alipiga simu kutoka Dar kusema kwamba siku hizi hata wanaojifunza hawaigusi klachi. Nilimwambia Elifuraha kuwa gari lisilo na klachi linajiendesha lenyewe na mtu anaketi ndani kama mzigo. Yeye aliutazama mguu wake.

"Mimi siogopi gari," alisema. "Naogopa Jumatatu."

Akanunua otomatiki, gari dogo jeupe la mtumba. Kwenye wenzo wa gia zilikuwapo herufi za Kiingereza zimepangwa kutoka juu hadi chini. Mimi ambaye shule niliiacha darasa la nne, nikajifundisha kusoma magazeti mpaka ya Kiingereza, sikuinama hata kuzitazama. Nilizidharau. Elifuraha alioneshwa tatu tu: ya kwenda, ya kurudi na ya kuegesha.

Kwa wiki sita alimshusha Tabitha na kumpandisha. Nilisikia kutoka kwa watu kwamba akifika chini, kwa kukanyaga breki njia nzima, magurudumu yananuka kama mpira uliotupwa motoni. Sikumwambia. Nadhani nilikuwa nangoja gari linithibitishie kwamba nilisema kweli.

Alhamisi moja ya masika nami niliomba kushuka nao, nikapimwe macho. Tabitha alikaa nyuma, mimi mbele. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri, na udongo mwekundu ulikuwa umelainika. Kona ya kwanza tuliipita vizuri, na ya pili pia. Kabla ya kona ya tatu ile harufu ilianza kuingia ndani, na nikaona mguu wa Elifuraha ukishuka, ukishuka, mpaka kanyagio la breki likagusa sakafu. Gari halikupungua mwendo. Alivuta breki ya mkono, ikaja kama kamba isiyofungwa kitu.

Hakupiga kelele. Alinigeukia tu, na uso wake ulikuwa wa kijivu.

Nami nikasema neno ambalo tulifundishwa sote wawili tukiwa vijana. "Weka namba moja!"

Katika lori, namba moja iko mbele. Mkono wake ulitii kabla kichwa hakijafikiri. Akausukuma wenzo mbele, na injini ikanyamaza kama imekatwa koo. Gari likawa huru, halina gia. Nilisikia upepo madirishani na Tabitha nyuma akiomba kwa Kichagga, maneno ya mama yake. Upande wa kulia kulikuwa na korongo. Elifuraha akakata usukani kushoto, tukapanda ukingo na kuingia ndani ya kihamba cha Efraimu, jirani yetu. Mgomba mmoja ukaanguka, wa pili ukaanguka, wa tatu ukatushika.

Hatukuvunjika mfupa. Lakini Tabitha hakufika hospitali siku ile, na ilipofika Jumamosi miguu yake ilikuwa imejaa kama mito ya pamba. Majirani walikodi gari wakamshusha, akaponea kwenye tundu la sindano.

Fundi Tito alikuja kutoka mjini kulitengeneza. Alitusalimu shikamoo, akaukagua ule wenzo, akatuonesha herufi ya chini kabisa, ile L. Alisema ukiuvuta nyuma mpaka hapo, injini inalishika gari kama gia namba moja ya lori. Njia ilikuwapo siku zote, chini ya mkono. Kisha akauliza, "Nani aliusukuma mbele?"

Nilitazama udongo.

"Mimi," alisema Elifuraha. Hakunitaja.

Kutoka siku hiyo hakulala usiku wa kuamkia siku za hospitali. Mwishowe walipanga chumba kule Njoro, chini mjini, ambako Tabitha angefika hospitali bila kushuka mteremko wowote. Ng'ombe waliuzwa. Kihamba alichozaliwa ndani yake Elifuraha, na baba yake kabla yake, kilifungwa kwa senyenge.

Asubuhi ya kuondoka nilikwenda nimeandaa maneno. Nilitaka kumkumbusha ile L, na nilitaka kusema lile jingine, la kuomba radhi. Nilipoinamia dirisha, Tabitha alinitazama kutoka kiti cha mbele, amekishika kishikio cha mlango kwa mikono miwili.

"Shemeji," alisema polepole, "leo usimwambie kitu."

Nikarudi nyuma. Elifuraha aliuvuta wenzo mpaka mwisho, gari likaanza kushuka taratibu huku injini ikinguruma, godoro limefungwa juu yake. Nilisimama pale nikasikiliza mngurumo kona ya kwanza, ya pili, na ya tatu penye shamba la Efraimu, ukaendelea. Chumba chao hakiko mbali, wanasema ni nusu saa. Mimi sijapanda gari tangu siku ile ya migomba, na asubuhi hiyo ndiyo mara ya mwisho kuwaona.