Upawa wa Mama Sombe

Kwenye vilima vya Masisi, mwanamke akishazaa haitwi tena kwa jina lake. Micheline alikuwa Mama Fabiola kwa mwaka mmoja na nusu, mpaka vita vilipomchukua mumewe Valentin, naye akateremka na mtoto mgongoni hadi kambi ya wakimbizi ya Kanyaruchinya, penye mawe meusi na baridi. Maziwa yalimkauka. Miguu ya mtoto ikaanza kuvimba.

Kando ya barabara palikuwa na nyumba ya mbao ya Mama Apolline, mjane kutoka Butembo, aliyewalaza mayatima na kuwasomesha. Sharti lake lilikuwa moja: mtoto asiwe na baba wala mama. Waliobaki na mzazi walikuwa wengi mno, angewaweka wapi? Basi Micheline akamkabidhi Fabiola kwa Généreuse, jirani wa hemani, naye akambeba hadi langoni, akasema mama yake amekufa njiani, karibu na Kibumba, na kabla ya kukata roho alitaja jina la mtoto tu. Jioni alimsimulia Micheline jinsi alivyomwua kwa maneno machache tu pale langoni, na jinsi mtoto alivyopokelewa.

Mwaka uliofuata, mtoto alipokwisha kuisahau sura yake, Micheline akaomba kazi ya kupika pale. Ujira ulikuwa chakula na pa kulala.

"Wewe ni mama wa nani?" Apolline alimuuliza.

"Sina mutoto."

Watoto wakamwita Mama Sombe, kwa ajili ya majani ya muhogo aliyoyatwanga kila asubuhi. Josias, aliyeleta kuni kwa chukudu chake, baiskeli ya mbao ya kusukuma, hakuchoka kumchokoza.

"Mama Sombe, hata sombe inazaaka muhogo. Wewe utazaa nini?"

"Kuni zako mbichi, muzee. Moshi tu, kama maneno yako."

Kilichomtia hofu ni upawa. Mtoto wa mpishi hupata ya chini ya sufuria, yale mazito, na watoto wenye njaa huliona jambo hilo kabla ya mtu mwingine yeyote. Kwa hiyo Fabiola alipofika na sahani yake, Micheline aliteka juu juu, mchuzi mwingi kuliko maharagwe. Hakumshika kichwa. Mtoto alipougua malaria, alimtuma mwingine ampelekee uji, kisha akasimama nyuma ya ukuta akisikiliza kama anakunywa.

Fabiola akakua hivyo, mwembamba, wa kwanza darasani.

"Mama Sombe," aliuliza siku moja, "juu ya nini mi unanipatiaka kidogo?"

"Pita, wengine wanangoja."

Alipomaliza shule ya msingi, masista wa Butembo wakakubali kumpokea yatima mmoja, akae kwao bwenini mpaka apate diploma. Apolline akamchagua Fabiola. Asingerudi likizo, kwa kuwa barabara ya kwenda huko, ya Rutshuru, ilikuwa ya kuviziwa, magari yakienda kwa msafara wenye askari. Micheline hakutaka kumzuia. Alitaka tu mtoto asiondoke bila kujua.

Asubuhi ya safari akamwita nyuma ya jiko.

"Fabiola, mi njo mama yako. Mi nilikuzaa. Usiambie mutu, uende usome. Nilitaka ujue."

Mtoto alimtazama bila hasira.

"Mama yangu alikufa Kibumba."

"Hapana. Nilificha, ili wakupokee, upate kukula."

"Kukula?" Fabiola alifikiri kidogo, kama anavyofikiri mbele ya hesabu. "Mama Sombe, mama anaweza kunyima mutoto wake maharagi miaka yote, na sufuria iko mu mikono yake?"

Micheline alitaka kumweleza habari za foleni na macho ya watoto wengine. Maelezo yalikuwa marefu, na dereva alikuwa akipiga honi.

"Nashukuru kwa chakula," Fabiola alisema, kwa adabu waliyofundishwa wote, akampa mkono. Langoni alimkumbatia Apolline, akamwita mama.

Mchana watoto walipanga foleni kama kawaida. Patricia, aliyelala kitanda kimoja na Fabiola, akanyoosha sahani.

"Ya Fabiola leo utapatia nani?"

"Upatie kuku," mwingine akasema nyuma yake. "Hata kuku haitashiba."

Wakacheka. Micheline akazamisha upawa hadi chini, akaijaza sahani ya Patricia mpaka ikamwagika. Akamjazia aliyefuata, na aliyemfuata huyo, bila kuinua macho, mpaka sufuria ikabaki tupu na watoto wa mwisho wamesimama na sahani zao.