Kitambaa cha Jasho cha Fundi Werema

Ukitaka kumsalimia Werema, fundi wa pale Kiabakari, hupewi kiganja. Unapewa kifundo cha mkono. Anaukunja mkono na kuuinua kidogo, wewe unashika pale ambapo ngozi bado ina rangi yake, mnajuliana hali, basi. Hata kanisani, padri akisema watu wapeane amani, majirani wa benchi lake wameshazoea kushika kifundo. Masizi ya dizeli yameingia kwenye mistari ya viganja vyake miaka mingi sasa. Sabuni ya unga imeshindwa, mchanga umeshindwa, limao nalo limeshindwa.

Kazi yake kubwa siku hizi ni kusafisha njia za hewa za magari ya dizeli. Nikueleze kidogo, haina ugumu. Magari haya yametengenezwa yarudishe sehemu ya moshi wao ndani ya injini, usitoke wote nje kuwachafulia watu hewa. Ni jambo zuri. Ila moshi ule ukikutana na mvuke wa oili mle ndani unaganda ukutani, leo kidogo, kesho kidogo, mpaka bomba ambalo ungeingiza ngumi linabaki na tundu la kidole. Hapo ndipo gari linatoa moshi mweusi na kilima linakikataa. Wapo mafundi wanaokata kipande cha bati, wanaziba njia ya moshi, mteja anaenda zake. Werema hufungua. Anatoa vali inayorudisha moshi, anatoa manifoldi, lile bomba linaloigawia injini hewa, anakwangua kwa bisibisi na brashi ya waya, analoweka kwenye petroli, anakwangua tena. Kinachotoka ni kama uji wa ulezi uliounguzwa ukasahaulika jikoni, na harufu yake unalala nayo.

Sasa, wakati wa kukwangua, kila tundu la injini linalobaki wazi lazima lizibwe kwa kitambaa, la sivyo chembe za masizi zinadondoka ndani na kuharibu kila kitu. Na hapo Werema ana utaratibu wake. Vitambaa vyake vyote amevifunga kwenye kamba moja, ile nyembamba ya nyavu, aliyopewa na shemeji yake mvuvi. Kazi ikiisha anavuta kamba. Ikitoka yote, vitambaa vimetoka vyote. Alimwambia mke wake, Dorotea, kwamba kamba hiyo inamkumbukia, maana yeye kichwa kimeshachoka.

Na kweli alikuwa amechoka. Mgongo ulikuwa haunyooki mpaka atembee hatua kadhaa. Kifua kilikuwa kinakwaruza asubuhi. Dorotea alikuwa akimsihi waongeze shamba la mtama, aache magari. Kila mara Werema alijibu kwamba gari lililopo likitoka, anapumzika. Likitoka, linaingia lingine.

Lililoingia safari hii lilikuwa pikapu ya Apolinary, mkulima wa Butiama anayewabebea watu mizigo. Mama yake, bibi Nyamburi, alikuwa amelazwa Musoma muda mrefu, pumzi inambana. Madaktari walikuwa wameeleza kwa upole kwamba dawa atakazomeza pale anaweza kuzimeza hata nyumbani, na bibi mwenyewe alikuwa ameshachoka na kitanda cha watu. Alitaka jambo moja tu, arudishwe Butiama akae mlangoni kwake. Lakini pikapu ilikuwa haipandi. Apolinary aliogopa imfie kilimani, mama akiwa ndani, hewa yenyewe ya kuhesabu. Akamwambia Werema bila kuzunguka kwamba hadai gari lipone kabisa, shida yake ni siku moja tu, ile ya kumleta mama.

Werema akaifungua. Siku nzima ikaishia kwenye kukwangua, na kesho yake asubuhi akawa anarudishia, Apolinary amesimama pembeni akiangalia simu, maana hospitali walishamwambia mgonjwa yuko tayari na amekaa kwenye benchi na kifurushi chake. Ilibaki hosi kubwa ya hewa. Klempu yake, ile pete ya chuma inayoibana, ilikuwa na kutu, na ilipokubali kufunguka, hosi ikachomoka ghafla, mdomo wazi. Wakati huohuo lori la mizigo likatoka barabarani kupisha basi, likapita kwenye vumbi la pembeni, na vumbi lote likaja karakana. Vitambaa vya kwenye kamba vyote vilikuwa kazini. Werema, mkono mmoja umeshika manifoldi, akavuta kile cha shingoni, kitambaa chekundu anachofutia jasho, akakisukumiza ndani ya hosi kwa dole gumba mpaka kikazama.

Vumbi likatulia. Akaendelea. Alipomaliza akavuta kamba, ikatoka yote. Akafunga hosi. Ndani mle mlikuwa na giza, na kitambaa kilishageuka rangi kwa masizi. Kamba ilikuwa imemwambia kwamba viko vyote, naye akaiamini.

Kwa kawaida angelipeleka gari kwenye kilima kulijaribu. Siku hiyo aliona uso wa Apolinary, akawasha tu, akasikiliza. Injini ililia laini kama mashine ya cherehani. Akamwambia sasa inapumua, ila aende polepole, asiikanyage sana kwanza, izoee. Apolinary akashika kifundo cha mkono kwa mikono yake yote miwili, akaondoka.

Mchana ulipoingia Dorotea akaleta ugali wa udaga, ule wa muhogo, na furu, samaki wadogo wa ziwani. Werema akanawa, akakaa kivulini kwenye tairi kuukuu, akamega tonge la kwanza. Jua lilikuwa kali. Jasho likamshuka kwenye jicho, na mkono wa kushoto ukapanda wenyewe shingoni, kama unavyopandaga kila siku.

Shingo ilikuwa tupu.

Alirudisha tonge kwenye sahani. Dorotea akamuuliza kama samaki wamekolea chumvi. Werema akafuta vidole kwenye suruali. Alikuwa anapiga simu, na simu ya Apolinary ilikuwa inaita tu, inaita mpaka inakata.

“Kitambaa changu kimebaki ndani ya gari ya Apolinary,” akasema. “Kwenye hosi. Akikanyaga mafuta kitavutwa, gari ikose hewa.”

Dorotea akatazama kamba ya vitambaa iliyoning'inia kwenye msumari, kisha akamtazama yeye. Akashauri amtume mtu, kwamba hali aliyonayo si ya kupanda pikipiki.

“Mtu atajua afungue wapi, mke wangu? Kile kilitoka shingoni kwangu.”

Akatia spana, bisibisi na koleo kwenye mfuko, akamwita Ryoba, bodaboda wa pale barabarani. Ryoba ana maneno mengi. Alipoona fundi anakaza mwendo ameshika mfuko, akauliza kama leo kuna gari limemtoroka. Werema akamwambia ndiyo, limemtoroka, na akaze mwendo. Njia nzima kifua kilikuwa kinakwaruza na vumbi la magari, na kila pikapu iliyokuja mbele yao aliichungulia. Bado aliendelea kupiga simu, mkono mmoja kwenye bega la Ryoba. Baadaye ilikuja kujulikana kwamba Apolinary aliizima sauti ya simu wodini kwa heshima ya wagonjwa, akasahau kuiwasha.

Makutano waliuliza kwa wauza ndizi. Ndiyo, pikapu yenye godoro nyuma imepita, imekunja kuelekea Butiama, na bibi mmoja kakaa mbele amejifunga kitenge kama anaenda harusini.

Waliikuta kwenye kilima, imeegeshwa pembeni, jiwe limewekwa nyuma ya tairi. Boneti lilikuwa wazi. Apolinary alikuwa amesimama mbele ya injini, mikono kiunoni, akiitazama tu. Alipomwona Werema akishuka, hakushangaa wala hakusalimia. Alisema kwa sauti ya chini ili mama asisikie.

“Fundi, ulisema inapumua.”

“Ilikuwa inapumua. Nimeiziba mimi.”

Akaeleza yote hapohapo, kabla ya kufungua mfuko: hosi, lori, vumbi, kitambaa. Apolinary alisikiliza huku akitazama barabara. Hakutukana. Ingekuwa afadhali atukane. Alisema tu kwamba mama yuko pale tangu jua likiwa juu, madirisha wazi, na kila baada ya muda anauliza kama wamefika.

Werema akainama kwenye injini. Ilikuwa ya moto, na mgongo ulikataa, akauinamisha hivyohivyo. Klempu ikaachia. Akachomoa hosi, akaingiza koleo kwenye mdomo wa manifoldi, akalisikia likishika kitu laini. Akavuta. Kikatoka taratibu, kirefu, cheusi, kimejisokota, na kwenye pindo tu ndipo palipobaki wekundu kidogo.

Sauti ikatoka ndani ya gari. Bibi Nyamburi alikuwa amechungulia dirishani.

“Hicho ni nini?”

Ryoba akageuka pembeni kama mtu aliyeona jambo barabarani. Werema akaenda mpaka dirishani, akamwamkia shikamoo, kitambaa kikining'inia mkononi.

“Ni kitambaa changu cha jasho, mama. Nilikisahau kwenye koo la gari. Ni mimi niliyewachelewesha, si mwanao.”

Bibi alikitazama kitambaa. Kifua chake kilikuwa kinapanda na kushuka kwa kazi, maneno yakatoka mojamoja.

“Mimi nimelala kule, pumzi imebana, wananipima na kunipima. Kumbe ningekuja kwako na koleo lako.”

Apolinary ndiye aliyecheka kwanza, kicheko cha mtu aliyechoka, kilichotoka puani. Ryoba akafuata. Werema hakucheka, ila mabega yake yalishuka.

Gari likawaka. Bibi akasema fundi apande, afike nao mpaka nyumbani, asije akawa amesahau na shati. Werema akamwambia Ryoba arudi Kiabakari ampe Dorotea habari, akapanda nyuma, akakaa kwenye godoro ambalo mgonjwa alilikataa, kwa maelezo kwamba kwake hataingia amelazwa. Kilima kile pikapu ilikipanda bila moshi. Werema alisikiliza injini njia nzima, kichwa kimeegemea kioo cha nyuma, na alipoona wamefika juu akafumba macho.

Jua lilikuwa bado halijazama. Walipofika uani, Apolinary alikimbilia kuandaa kiti mlangoni, na mlango wa gari ukabaki na Werema. Bibi alikuwa ameshatoa mguu mmoja nje. Werema akamnyooshea mkono kama alivyozoea, umekunjwa, kifundo mbele.

Bibi akakishika, kikateleza. Akajaribu tena.

“Nipe kiganja, fundi. Hapo hapanishiki, nitaanguka.”

“Ni kichafu, mama.”

“Nimekuambia nataka kusafisha? Nataka kushuka.”

Akampa kiganja. Bibi akakikamata chote, kwa nguvu ambazo hungezitegemea, akashuka, na wakatembea hivyo polepole mpaka mlangoni, wakisimama kila alipotaka pumzi, na hapo Werema naye akapata nafasi ya kuitafuta ya kwake. Alipokaa, bibi akautazama mkono wake, umepata masizi kwenye vidole. Akaufutia kwenye kitenge kipya, akageuka kutazama miti yake.

Alikaa pale mlangoni msimu wote wa vuli, na mtama ulipoanza kutoa vichwa akafariki usingizini, kwenye kitanda chake. Werema alienda msibani. Waombolezaji wakamshika kifundo kama kawaida.

Kazi hajaiacha. Bado anasema gari hili likitoka anapumzika, na Dorotea ameacha kumjibu. Lakini ukipita Kiabakari leo utaona kamba ya vitambaa imening'inia kwenye msumari, na mwishoni kabisa kuna kimoja kilichofuliwa kikagoma kutakata, chenye wekundu kidogo kwenye pindo. Shingoni havai tena kitu. Jasho likimjia machoni analifuta kwa bega la shati, kisha anainama tena.