Sekunde za Maombi Yangu

Mwaka wangu wa mwisho wa kusomea uuguzi Birmingham, Uingereza, mwanzoni mwa miaka ya sabini, nilitamani kitu kimoja tu: kupangiwa wodi ya majeruhi. Hospitali yetu ilikuwa imemkaribisha mtafiti aliyepima jinsi watu wanavyoamua penye hatari, na metroni, mkuu wa wauguzi, alitutangazia kwamba matokeo yake ndiyo yatakayotupangia wodi.

Nilipanda basi asubuhi kutoka Handsworth, mtaa nilikokaa, nikiwa nimefunga. Mezani kwa mtafiti palikuwa na kisanduku chenye swichi kumi. Tisa zilikupa alama. Moja, ambayo hukuijua, ilipiga kengele na alama zako zote zikapotea. Uliruhusiwa kuacha wakati wowote.

Sisi watu wa uamsho, Wakristo tuliookoka, hatugusi jambo tusilolijua kabla ya kuomba. Nikafumba macho kabla ya kila swichi. Mtafiti alishika saa ya kuhesabu sekunde.

"Umelala?"

"Naomba."

"Unamwomba nani? Nyaya nimefunga mimi."

Nilibonyeza saba nikaacha. Kengele haikulia. Hata hivyo aliandika: anasitasita.

"Sikusita," nikamwambia.

"Karatasi hii haina safu ya maombi."

Metroni alikuwa amesimama dirishani, wala hakugeuka. "Mgonjwa anavuja damu, nawe umefumba macho? Labda huko kwenu damu inasubiri."

"Mgonjwa akivuja damu, Metroni, naomba mikono ikiwa kazini. Hapa mikono haikuwa na kazi."

"Mdomo ndio hauishiwi kazi."

Nikachukua kalamu ya mtafiti, na kando ya kila hesabu ya sekunde nikaandika: maombi. Mara nane, maana hata kabla ya kuacha niliomba. Akayakata maneno hayo yote kwa mstari mmoja mrefu.

Jioni, Mkenya mwenzangu niliyekaa naye chumba kimoja alinicheka. "Si ungeomba macho wazi tu, dada? Mungu angejua, Mzungu asingejua."

Sikumsemesha mpaka Jumapili.

Nilipelekwa wodi ya wazee. Majeruhi sikuwahi kuingia, ila kuazima blanketi. Niliwaogesha wazee wale, nikawalisha, nikawashika mkono walipokuwa wakikata roho, na kwa ajili yao namshukuru Mungu kwa moyo wote.

Kwa karatasi ile bado sijashukuru. Nikipiga magoti namwambia hivyo Yeye mwenyewe, nimefumba macho, wala siharakishi.