Matundu ya Daraja la Mukuju

Mwaka 1965 Oluka alikuwa mchoraji ramani katika ofisi ya mhandisi Ebong mjini Tororo, Uganda. Serikali ilikuwa ikitafuta mtu wa kusanifu daraja jipya huko Molo. Kamati ya wilaya haikuanza na bei. Ilitaka kwanza kuona kazi ya kila mwombaji, na bei ingezungumzwa na yule atakayechaguliwa. Ebong alikuwa na kazi moja tu ya kuonyesha: daraja dogo la Mukuju, lililochorwa na Oluka.

"Tukikosa hii, nafunga ofisi," Ebong alimwambia ndani ya gari. "Utarudi kulima."

Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, naye Oluka alitazama mitaro iliyojaa kando ya barabara.

Walipofika Mukuju, maji yalikuwa yamefunika sakafu yote ya daraja. Bwana Wesonga, mwenyekiti wa kamati, alisimama pembeni asilowanishe viatu.

"Bwana Ebong, hili ni daraja au bwawa la samaki?"

Wajumbe wakacheka. Ebong akamgeukia Oluka. "Matundu ya kutolea maji yako wapi?"

"Yapo, bwana."

Lakini je, aliyachora? Karatasi ya mchoro aliiona akilini, kisha hakuiona tena. Akavua viatu, akaingia majini, akapapasa sehemu ya chini ya ukuta wa ukingo. Saruji. Saruji tena. Halafu kitu laini. Akavuta bonge la matambara na majani ya mgomba. Maji yakaanza kushuka.

"Wewe! Nani nakutuma kutoa hiyo?" Mama mmoja wa jirani, Akurut, alikuja mbio na ungo mkononi. "Nikianika, wimbi yangu itaanguka yote kwa mto!"

Kumbe akina mama wa Mukuju walikuwa wakianika wimbi, yaani ulezi, pale, juu ya saruji safi, na kuziba matundu ili punje zisidondoke.

"Mama, hawa hawakukuuliza kabla ya kuchora?" Wesonga alisema.

"Waniulize mimi? Waliuliza mto tu."

Wesonga akamtazama Ebong. "Molo pia wanalima wimbi. Mtachora na mahali pa kuanika. Kisha njooni tuzungumze bei."

Ebong alishusha pumzi. Oluka hakusikia, alikuwa amepiga magoti akitafuta tundu la pili.

Ofisi haikufungwa. Lakini mawingu yakikusanyika juu ya mwamba wa Tororo, Oluka bado huacha chakula mezani, na kupanda baiskeli kuelekea Mukuju kukagua matundu.