Kifaru cha Baba Mkwe

Watu wakijua kwamba naunga vifaru vya plastiki, vile vya vita, huniuliza swali moja tu: boksi gani ndilo bora? Nami huwajibu kwa ukali kidogo, kwa sababu wengi wao wanataka niwatajie jina wakanunue, basi, kama mtu anayeulizia sabuni ya kufulia. Bora kwa nani? Kwa mwenye subira, au kwa yule ambaye skrubu ya miwani ikimponyoka anaupiga ukuta ngumi? Sharti nikujue kwanza.

Mimi ni fundi simu. Kibanda changu kipo Darajani, hapa Unguja, na kutwa nzima nimeshika kibano, natazama vitu vidogo kwenye lensi. Mtu angedhani jioni ningekwenda Forodhani kupunga upepo kama wenzangu. Nani, mimi? Nikirudi nyumbani, Mkunazini, nakula, nasali, napanda chumba cha juu, nafungua boksi na kushika kibano kingine. Mke wangu huwaambia mashoga zake kwamba yeye ni mke wa pili, wa kwanza ni gundi.

Ila ukinibana sana nitasema. Usitazame picha ya juu ya boksi. Picha ile ni uongo mtupu: juu moto unawaka na vumbi linatimka, ndani mna vipande vimepinda. Tazama zile fremu zinazoshikilia vipande. Pitisha ukucha ukingoni. Ukikuta ndevu za plastiki, jua kalibu imechoka na utakula msasa wiki nzima. Anayeanza namwambia achukue za Kijapani: vipande vichache, na kila kimoja kinakaa pahala pake bila ya kusukumwa. Za Kichina za siku hizi zina mambo yake, bolti unaziona moja moja, minyororo unaiunga pingili kwa pingili, na humo mna vipande vya shaba vyembamba ambavyo ukipiga chafya ushavipoteza. Za Ulaya Mashariki zinakupa mpaka viti vya ndani, lakini karatasi ya maelezo itakutoa machozi. Na mtutu wa mzinga, tafadhali, tafuta wa chuma. Wa plastiki unakuja nusu mbili, na ule mshono wa katikati hauondoki hata ufanye nini. Halafu kuna jambo ambalo hao wenye viwanda hawalijui kabisa, nalo ni masika ya Unguja. Rangi wanayosema inakauka kwa saa moja, hapa petu inataka siku mbili.

Hayo yote nilikuwa nayajua, na nikijiona bingwa, mpaka baba mkwe alipokuja kukaa kwetu siku tatu kwa ajili ya kliniki ya macho.

Baba mkwe ni mtu wa Makunduchi, mkulima wa muhogo na mbaazi, anakaribia sabini, mrefu, mchache wa maneno. Nimemuoa binti yake miaka ishirini na mbili, na katika miaka hiyo sidhani kama tumewahi kuzungumza zaidi ya hali, mvua na bei ya samaki. Vifaru vyangu alikuwa anavijua kwa kusikia tu. Naamini alikuwa akiniona mtu mzima anayecheza na midoli, ila kwa heshima ya ukwe alinyamaza.

Daktari alisema ni presha ya macho. Jicho la kulia lilikuwa limekwisha. La kushoto lilikuwa linaona katikati tu, kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo, na tundu lenyewe linazidi kuwa dogo. Dawa ya matone ingechelewesha, lakini kilichoondoka hakirudi. Mzee aliitikia, "Naam," kama kaambiwa gari litachelewa kidogo. Mke wangu alilia njia nzima.

Jioni ile mzee akasema anataka kuviona hivyo vidude vyangu. Nikampandisha ngazi, nikamkalisha kwenye kiti changu, nikamwashia taa. Akasogeza uso mpaka pua ikawa karibu kugusa rafu, akawa anavipitia kimoja kimoja kwa lile tundu lake, cha Kijerumani, cha Kimarekani, cha Kirusi. Alichukua muda mrefu. Nilikuwa nimeshika pumzi, si kwa kingine, nilikuwa naogopa asiangushe kitu.

"Changu hakimo," akasema.

"Chako kipi, baba?"

"Kifaru changu. Nilichokuwa nnaendesha."

Mke wangu alikuwa mlangoni na sinia ya chai. Akacheka. "Baba, wewe ulikuwa mpishi."

Ndivyo walivyokua wakijua wote pale kwao. Baba alikwenda jeshini, baba alikwenda vita vya Kagera, baba alipika. Hata pilau lake la sikukuu likisifiwa, watu husema ni la kijeshi. Mzee alinigeukia mimi. "Kilikuwa cha Kichina," akasema. "Nitafutie, mwanangu, nikione kabla hapajafungwa." Na kwa kidole akagusa chini ya jicho lake la kushoto. Nikamwahidi.

Usiku tulizungumza, mimi na mke wangu, kwa sauti ya chini. Yeye aliona baba ameshtushwa na maneno ya daktari, akili imemruka kidogo. Shemeji zangu, tulipowapigia, walicheka wazi: mzee kashaanza kuchanganya. Nami, nisiwe mnafiki, nilikubaliana nao. Lakini ahadi nilishaitoa, na kwa mkwe ahadi hairudishwi.

Hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo ningemtukana mtu mwengine akilifanya. Kwa haraka, nikaagiza boksi la kwanza lililonijia mbele ya macho, lenye picha nzuri juu. Jina la kampuni silitaji, watu wana watoto wao. Lilipofika nilipitisha ukucha, nikakuta ndevu za kumtosha sheikh. Nikaliunga hivyo hivyo, nikalipaka rangi, nikapanda nalo gari mpaka Makunduchi, nimelipakata kama mtoto mchanga.

Mzee alilipeleka kwenye mwanga wa mlango. Akasogeza uso.

"Si chenyewe."

"Baba, ndicho. Nimesoma."

"Umesoma. Mimi nilikuwa nnalala chini yake mvua ikinyesha. Magurudumu haya yamepangwa sawasawa kama meno ya bandia. Baina ya la kwanza na la pili lilikuwapo pengo, nikitia kichwa hapo. Na bomba la moshi lilikuwa kushoto, upande wangu, likinipikia bega."

Akanirudishia. Nilikuwa nimekasirika, maana hakuna mtu aliyewahi kunisahihisha kifaru, sembuse mpishi. Nilirudi mjini nimenuna, nikafungua simu, nikatafuta picha za kweli za wakati ule. Pengo lilikuwapo, baina ya gurudumu la kwanza na la pili, pande zote mbili. Bomba la moshi lilikuwa kushoto. Wenye kiwanda walichukua sehemu ya chini ya kifaru chengine wakaibandika chini ya hiki.

Nilimwita mke wangu nikamwonyesha. Alitazama zile picha muda, kisha akauliza polepole, "Mpishi gani anajua pengo la magurudumu?" Sote wawili tuliona haya.

Boksi la pili nililitafuta kama mtu anayetafuta mchumba. Nilisoma maoni ya watu, nikatazama fremu kipande kwa kipande, nikawauliza wenzangu watatu wa kisiwa hiki wanaoshiriki ugonjwa huu. Lilikuwa bora, kweli bora: mtutu wa chuma, pingili za minyororo zinazocheza, mistari ya kulehemu unaisikia kwa kidole. Lakini boksi bora halina haraka. Pingili peke yake zilinila wiki mbili. Na kila Ijumaa baada ya sala, simu ilikuwa inalia.

"Umefika wapi?"

"Minyororo, baba."

"Fanya haraka, mwanangu. Leo nimeshindwa kuiona kahawa kwenye kikombe."

Niliacha kwenda barazani, niliacha kutazama mpira. Wateja walilalamika kwamba simu zao nazichelewesha, nikawaambia nina dharura ya kijeshi. Nilipaka rangi ya kijani mara tatu, masika yakiwa yameshika, nikikisogeza mbele ya feni, nikikiombea dua. Vifuniko vya juu nilivitia gundi nikavifunga kabisa, vumbi lisiingie. Alhamisi kikawa tayari, na mzee alikuwa aletwe Ijumaa.

Ijumaa asubuhi nilikwenda kibandani kwa saa mbili tu. Kumbe mke wangu kapanda juu, kakinusa kifaru, kaona kinanuka rangi na gundi. Kwetu mgeni wa heshima hapewi kitu kinachonuka. Nguo inafukizwa, shuka linafukizwa, hata kopo la maji. Akateremka nacho chini, akatia makaa na udi kwenye chetezo, akasimamisha juu yake lile tenga la kufukizia nguo, akakiweka kifaru juu kwa adabu kabisa, akaenda kutazama wali. Feni ikawa inapuliza makaa.

Niliporudi, nyumba nzima inanukia, na kifaru kipo kwenye tenga, madigadi ya kushoto yamelainika na kulala mpaka kwenye minyororo. Mtutu wa chuma ulikuwa umesimama palepale, bila ya aibu.

Nilisema maneno ambayo sitayaandika. Mke wangu alisimama na mwiko mkononi. "Nlikuwa nnakitia harufu," akasema. "Ni cha baba." Na akaanza kulia, na hapo hasira zangu zote zikanifia mkononi kwa sababu niliona kwamba kati yetu sisi wawili, yeye ndiye aliyekuwa akimwogopea zaidi mzee. Nilimwomba radhi. Kurekebisha hakukuwa na wakati. Gari la shemeji lilikuwa lishafika kichochoroni.

Mzee alipanda ngazi akiwa ameshika ukuta. Ile mara ya kwanza hakuushika. Tulimkalisha kwenye mkeka, dirisha mbele yake, nikamwekea kifaru mikononi. Alikisogeza kwenye jicho la kushoto. Akakipeleka huku, akakirudisha, akatafuta, kama mtu anayepitisha tochi kwenye ghala. Sikuweza kumtazama usoni, nilitazama vidole vyake vikihesabu magurudumu. Vikafika kwenye pengo, vikasimama.

"Nnakiona," akasema. "Ndicho."

Mke wangu akakaa chini pale pale alipokuwa.

Vidole vikaendelea, vikafika kwenye madigadi ya kushoto. Nikaanza kujieleza, na mke wangu akanikata, akakiri yote, chetezo, tenga, udi. Mzee akakipeleka kifaru puani. Akanusa. Akacheka mpaka kofia ikamwanguka, na mimi katika miaka ishirini na mbili sikuwahi kumsikia akicheka.

"Changu kilikuwa kikinuka dizeli na soksi za watu wanne," akasema. "Hichi kinanuka harusi."

Nikamwambia nitaagiza kipande chengine, nitayabadilisha hayo madigadi. Akakataa. Akasema mtu aliyekipitisha kifaru kwenye migomba usiku wiki mbili, madigadi yakabaki mazima, huyo hakukiendesha, alikiegesha. Halafu ukucha wake ukatafuta kifuniko kidogo cha mbele kushoto, kile cha dereva. Ukakikwangua.

"Fungua."

"Nimekitia gundi, baba."

"Fungua, mwanangu. Mimi nilikuwa humo."

Nilichukua kisu changu cha kazi. Katika maisha yangu yote sijawahi kukata kifaru kilichokwisha. Rangi ikachubuka, plastiki ikalia, kifuniko kikatoka kimevunjika pembe moja. Mzee akatia ncha ya kidole kidogo kwenye lile tundu, akakiacha humo.

Mke wangu akasogea karibu. "Baba, kwa nini ulituambia ulikuwa mpishi?"

"Mama yako aliniuliza siku niliyorudi," akasema. "Nikamtazama, kijana bado, na wewe umo tumboni. Nikamwambia nilikuwa jikoni. Mpishi haulizwi kaua wangapi. Anaulizwa alipika nini."

Shemeji, aliyekuwa amesimama mlangoni na kicheko chake tayari, alivua viatu, akaingia, akakaa. Mke wangu aliushika mguu wa baba yake.

"Basi na sasa nikuulize nini?"

"Niulize kilikuwa kinapinda kona vipi," akasema mzee. Akakiweka kifaru kwenye mkeka, akatoa mikono yote miwili mbele, akashika hewani vigingi viwili vya kuendeshea ambavyo sisi hatukuviona, akavuta cha kushoto. Na lile jicho lake lililobaki alikuwa amelifumba.