Mfuko wa Avokado Zilizooza

Ipo asubuhi moja ambayo hainitoki akilini, mwanangu. Mawingu yalikuwa yameshuka hadi kwenye mashamba ya Kilungu, na getini kwetu alisimama mama mmoja mtafiti, mpole, ameshika mifuko ya karatasi. Tulimwita Madam. Alikuwa akichunguza kuvu inayoozesha avokado, ile inayoanzia kwenye kikonyo na kushuka taratibu mpaka tunda lote linakuwa jeusi.

"Niwekee zilizooza," akaniambia. "Usioshe, usichague. Nipee vile ziko."

Nilikuwa msichana wa miaka ishirini, mjuaji kweli kweli. Avokado zetu zilikuwa zimeanza kuoza, na miti ile ndiyo aliyotuachia marehemu baba. Ndiyo iliyotulisha. Lakini nilipoinama kuokota, aibu ikanishika. Mgeni atoke mbali hivyo, kisha nimpe uozo? Kwetu hata mpita njia hupewa tunda zuri. Basi nikaenda kwenye mti mchanga kando ya tangi, ambao haukuwa na ugonjwa, nikachuma zilizonona, nikazifuta kwa leso hadi zikang'aa, nikamjazia mfuko wake. Cheka tu, mwanangu. Mimi nilijiona nimelelewa vizuri.

Baadaye Madam alituita na majirani kanisani, akatuonyesha visahani alimooteshea kuvu kutoka kwenye matunda ya kila mmoja wetu. Nilivitazama kama niko usingizini. Kuvu za majirani zilikuwa zimechanua, nyeupe, nyingine kijivu, laini kama pamba. Niliziona nzuri, Mungu anisamehe. Kisahani chetu kilikuwa kitupu. "Kwa akina Ndinda hakuna shida," akasema. Majirani wakaelekezwa kukata matawi makavu, ambamo kuvu hiyo hujificha, na kufukia matunda yaliyoanguka. Sisi tukapigiwa makofi. Mama akatabasamu, nami nikatabasamu pamoja naye.

Msimu uliofuata majirani walivuna. Kwetu kila avokado tuliyochuma iligeuka nyeusi siku chache tu, na wanunuzi wakapita geti letu bila kusimama. Nikamkuta mama jikoni akilia bila sauti. Nikamwambia yote.

Hakunipiga. "Sasa wewe, Ndinda, unaficha mtu amekuja kutusaidia?" akasema. "Hiyo aibu yako ndio imekula miti ya baba yako." Nimezeeka, na maneno hayo bado yananiuma.

Nikajaza mfuko, maji meusi yakinichuruzika mikononi, nikampelekea Madam na kumweleza nilichofanya. Akaupokea kwa mikono miwili, akaufungua, akanusa, akafumba macho kidogo.

"Asante, Ndinda. Hii ndio nilikuwa nangoja."

Tukakata matawi makavu kama majirani, na miti mingi ikapona. Ule wa mlangoni, ambao baba aliupanda kwanza, ulikuwa umeshakauka, tukaukata. Asubuhi zenye mawingu bado nauona umesimama pale, umebeba matunda.

Ndiyo maana nakuambia, mwanangu: ukienda kwa daktari, kwa mwalimu, hata kwa mchungaji, usimpelekee lile tunda la kando ya tangi. Mwonyeshe palipooza, mapema, kabla hujapaosha. Na siku mtu akikuletea uozo wake, usizibe pua, upokee kwa mikono miwili. Mungu akupe moyo wa kufanya hivyo, na miti yako izae hadi wajukuu wako waokote chini yake.