Siku Niliyongoja Mkojo wa Wifi Yangu

Nakumbuka siku moja ya Ramadhani, mwanangu, nikiwa bi harusi mpya pale Madimba, enzi za Mwingereza bado. Wifi yangu Somoe, mdogo wake mume wangu, aliamka anahara na kutapika. Saa nne akaniomba maji. Nami, kwa mdomo wangu huu, nikamcheka: "He! Kumbe leo tuna kobe ndani!" Kobe ndivyo tulivyowaita wanaokula mchana kwa kujificha. Somoe akaona haya, akakisukuma kando kikombe nilichomletea, asinywe.

Adhuhuri macho yake yalikuwa yamedidimia. Nikamuuliza kama amepata haja ndogo.

"Tangu jana usiku, wifi, hata tone."

Nikawaita majirani. Tukambeba kwa kitanda mpaka zahanati.

Dresa, yaani mhudumu wa zahanati, mzee mkali kidogo, alimfinya ngozi, akanigeukia. "Nani kamnyima maji? Sikiliza, binti. Figo zina vichujio vidogo vidogo vya damu. Msukumo wa damu ukizidi, kimshipa kinachoingiza damu kwenye kichujio kinajibana. Ukipungua, kinajilegeza, uchujaji usiyumbe. Figo zinajiongoza zenyewe, wewe huna habari. Ila maji ya mwili yakipungua kupita kiasi, haziwezi tena. Zinaacha kuchuja, na zikikaa hivyo zinakufa."

Zinakufa! Tukamnywesha uji mwepesi wa chumvi kidogo, kijiko baada ya kijiko, beseni la haja nimelishika mimi.

"Bado?" nikawa namuuliza.

"Bado."

Nitamwambia nini mama mkwe? Nitamwambia nini Mola, aliyemruhusu mgonjwa kufungua, mimi nikajifanya najua kuliko Yeye? Alasiri ikapita. Jua linakaribia kuzama, Somoe akanong'ona, "Wifi, sogeza beseni."

Ulikuwa mkojo kidogo, mweusi kama chai ya rangi. Nikaangua kilio mbele za watu, kwa furaha, sioni hata aibu.

Basi, mwanangu, mwili unakuvumilia kimya kimya, unajirekebisha usiku na mchana, lakini usidhani hauna mwisho. Ukiugua, kunywa, ruhusa unayo. Na mgonjwa akikuomba maji, mpe kwanza, utani uje baadaye. Somoe alinisamehe siku ile ile. Nafsi yangu ndiyo bado inanisuta, na uzee wote huu.

Mola akupe afya, hata ya viungo usivyoviona, na akuepushe na ulimi wako mwenyewe. Amina.